Wimbo wa Mnyororo na Punda wa Ami Mbarak

Raya mwanangu,

Salamu ndefu sikuletei, maana uko chumba cha pili na kitanda chako kinalia kila unapojigeuza. Hulali, nami silali. Baba yako peke yake ndiye aliyelala, na anakoroma kwa niaba yetu sote watatu.

Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, kwa sababu hizo za skuli mkono wangu haukuzizoea. Barua nitaiweka juu ya sanduku lako uikute asubuhi kabla hujalifunga. Isome pale pale, hata kama baba yako atakuwa mlangoni anapiga kelele kwamba meli ya Pemba haimngoji mtu. Mwache apige. Meli ile tangu niijue haijapata kuondoka kwa wakati.

Mambo ya chandarua, ya dawa ya tumbo na ya kutolala na nywele mbichi nimekwambia mchana kutwa mpaka ukaziba masikio. Hayo nimeyamaliza. Lililonikesha ni ule ubeti.

Leo alasiri tulikuwa tunakunja kanga zako. Ukasimama katikati ya chumba na kanga moja mkononi, ukasema, "Mama, labda nisende." Nilidhani ni hofu ya ualimu, kwamba unawaogopa hao watoto wa Wete kabla hujawaona. Kumbe ni Hilal. Amekwambia ukienda Pemba atajitupa baharini pale Forodhani. Ukaniambia hivyo huku unatabasamu, tabasamu la mtu aliyeletewa zawadi, kisha ukanisomea ubeti aliokusomea yeye:

*Nifunge kwa mnyororo, ufunguo uumeze,*
*Nikilia kwa kihoro, mateso uniongeze,*
*Penzi bila mgogoro, halifai tulikuze.*

Ukaniuliza, "Si mzuri, mama?" Nami nikainama chini ya kitanda nikajifanya natafuta kiatu. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nacheka, na baada ya kitambo kidogo sikuwa nacheka tena. Ubeti huo naujua, Raya. Namjua aliyeutunga, na punda wake namjua.

Niliolewa na baba yako nikiwa mdogo kuliko wewe. Yeye alikuwa tayari fundi wa makufuli, na nyumba hii hii ya Mkunazini ilikuwa imejaa kazi zake: makufuli ya shaba kwenye rafu, funguo kwenye misumari, minyororo imetundikwa ukutani kutoka dukani chini mpaka karibu na jiko. Wenzangu waliolewa wakapelekwa kwenye nyumba. Mimi nilipelekwa kwenye ghala la chuma.

Nami nilikuwa nimelelewa na nyimbo. Jirani yetu alikuwa na gramafoni, na kila jioni mimi na mashoga zangu tulikaa ubavuni mwa ile pembe yake tukisikiliza santuri mpaka sindano inakwaruza. Katika santuri zile hapakuwa na mtu aliyependa akashiba. Wote walikuwa hawali, hawalali, wamekonda, maini yanawaungua, wanakata roho kila mwisho wa ubeti na kufufuka kwenye kiitikio. Nikaingia kwenye ndoa nikingoja kuungua.

Baba yako akipanda kutoka dukani neno lake la kwanza lilikuwa, "Ushakula?" La pili, "Umeshiba?" La tatu halikuwapo.

Nikaona huyu anahitaji kusaidiwa. Siku moja nikagoma kula, kama wale wa kwenye santuri. Akaniambia nitoe ulimi, akautazama, akatoka, akarudi na chupa ya mafuta ya mbarika, dawa ya kusafisha tumbo. Nilikesha, mwanangu, ila si kwa mahaba. Nikajaribu kuvuta pumzi ndefu dirishani. Akaniuliza kama kifua kinabana. Nikamtajia binamu yangu aliyetaka kunioa zamani, nione kama wivu utamchoma. Akasema, "Yule kijana mwema. Ana kufuli lake hapa, hajaja kulichukua." Mwisho nikamwambia kwamba iko siku nitajitupa baharini. Baba yako akachungulia dirishani akatazama upande wa pwani.

"Saa hizi maji yamekupwa," akasema. "Utatembea sana."

Nililia kwelikweli. Nikawaambia mashoga zangu kwamba mwanamme huyu hanipendi, hajanitesa hata siku moja. Nao wakanihurumia! Hakuna hata mmoja aliyenizaba kofi.

Basi pakawa na harusi Malindi. Wanawake tulijaa ukumbini mpaka ngazini, joto, udi na asumini vimechanganyika na jasho. Kina mama wa taarabu wakapiga nyimbo mbili tatu za kupasha ukumbi moto, kisha mwimbaji akasimama na wimbo mpya ambao hapana aliyewahi kuusikia. Fidla ikaanza peke yake. Ukimsikia mtu anasema fidla inalia, ile ililia hasa. Ukaja ule ubeti wa mnyororo na ufunguo, nikahisi mtu ameufungua moyo wangu akatazama ndani.

Wewe unajua desturi yetu. Mtu anayeinuka kumtunza mwimbaji kwa sarafu kwenye ubeti, ubeti ule umekuwa wake. Kausema yeye; mwimbaji kamwazima sauti tu. Ndiyo maana utamwona mtu mzima amekaa na sarafu yake kiganjani saa nzima, anangoja neno linalomfaa, halafu anainuka taratibu, anamzungukia adui yake, anamtupia jicho, ndipo anatunza. Kila mtu ukumbini anasoma. Hilo nililijua tangu utotoni. Lakini fidla ilikuwa inalia, nami sikukumbuka desturi wala sikukumbuka jina langu. Nikainuka. Nikaenda mbele kwa madaha, sarafu juu ya kichwa, machozi yananitoka. Mwimbaji alipoona machozi akaurudia ubeti. Nami nikarudi kutunza tena.

Niliposhusha mkono nikaona ukumbi mzima unanitazama. Halafu nikasikia mama mmoja nyuma yangu anamnong'oneza mwenzake, kwa ule mnong'ono wa kizanzibari unaofika mpaka barabarani.

"Maskini mtoto wa watu. Na mumewe ndo yule fundi makufuli."

Asubuhi ya pili tulikuwa tunakunywa chai. Baba yako alikuwa anachovya mkate wa boflo kwenye kikombe, hana habari na dunia, mlango ukagongwa kwa bakora. Alikuwa Ami Mbarak. Wewe ulimwita Babu Mbarak wa Chukwani, unamkumbuka kwa halua aliyokuwa akikupa kwa siri. Kwangu alikuwa ami, ndugu wa baba yangu, aliyenilea baba alipokufa, na bakora yake niliijua zaidi kuliko halua. Habari ilimfikia usiku ule ule, akapanda punda kabla ya alfajiri. Nyuma yake aliingia bibi yako, mama yangu, kabeba bakuli la manjano yaliyotwangwa kwa ajili ya kunikanda uvimbe.

"Minyororo iko wapi?" Ami akauliza, hata salamu hakutoa.

Baba yako akaweka boflo chini. "Ipi, ami? Iko ya shaba, iko ya chuma. Ya mlango au ya sanduku?"

"Unamsikia?" Ami akamwambia mama yangu. "Ana ya kila aina!"

"Inategemea na kazi," baba yako akasema, kwa adabu kabisa.

Bibi yako akanivuta chumbani, akanitazama vifundo vya mikono, vifundo vya miguu, mgongo, shingo. Hapakuwa na alama ila hina ya harusi. Akanitazama na tumboni, sijui alikuwa anamtafuta nani. Akatoka nje na bakuli lake. "Mzima," akasema, na kwa sauti yake ungedhani amevunjika moyo.

Hapo baba yako alikuwa ameshaanza kuelewa. Aligeuka akaniuliza polepole, "Zuwena, miye nimekufunga lini?"

Ningependa kukuandikia kwamba nilijibu kitu cha maana. Nilisema, "Wimbo ulikuwa mtamu."

"Wimbo ulikuwa mtamu!" Ami akapiga bakora sakafuni. "Mie nimetoka Chukwani giza totoro, punda kanibwaga njiani mara mbili, nnakuja kuua mtu, ati wimbo ulikuwa mtamu! Wimbo gani huo?"

Nikamsomea. Nilipofika kwenye *ufunguo uumeze* nikaona bakora inashuka. Kwenye *kihoro* Ami akatafuta mahali pa kukaa. Nilipomaliza akawa anaitazama chai ya baba yako kama mtu aliyeona chai kwa mara ya kwanza.

"Endelea, shemeji," mama yangu akasema. "Kamkamate aliyetunga upuuzi huu umtandike yeye."

"Nimeutunga mie," Ami akasema.

Hatukujua, Raya. Mzee wa watu, wa msikiti, mwenye mashamba na heshima zake, kumbe kwa siri alikuwa akiwapelekea kina mama wa taarabu nyimbo kwa miaka. Mama yangu alicheka mpaka akaketi juu ya bakuli la manjano. Doa lile lilibaki kwenye mkeka mpaka ulipochakaa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeumia. Nikamuuliza nani alimtesa hivyo. Nilikuwa naona mwanamke wa siri, mapenzi ya zamani, kaburi mahali fulani. Ami akakuna ndevu.

"Mnyororo ni wa punda," akasema. "Siku ile alikata kamba mara tatu, nkasema huyu nimfunge mnyororo. Neno likanikaa. Nkatafuta kina chake, nkapata kihoro. Kihoro kikataka mateso. Basi."

"Na kulia je?"

"Nani kalia? Mkewangu alikuwa ananikanda miguu. Alikuwa kanipikia samaki wa kupaka, nshakula, nshashiba." Akamnyooshea baba yako kikombe amwongeze chai. "We mtoto, ngeandika kwamba mkewangu kanipikia samaki nkashiba nkalala, nani ngeinuka kunitunza?"

Nje punda alikuwa anakula mikeka ya jirani iliyoanikwa.

Mpaka hapa ni kichekesho, na baba yako angekuwa macho angetaka niishie hapa, kwa sababu kuanzia hapa yeye mwenyewe yumo na hapendi kutajwa.

Alasiri ile ile, wanaume wameondoka, nikasikia mlango wa uani unakwaruzwa. Alikuwa Bi Time, jirani wa nyumba ya pili. Tangu nihamie mtaani sikuwahi kumwona uso wake vizuri. Mumewe alisifika. Watu walisema anampenda mkewe hata upepo hataki umguse: hendi harusini, hendi matangani, hachungulii dirishani, na soko anafanyiwa na mume mwenyewe. Mimi nilimwonea wivu Bi Time, mwanangu. Nilikuwa nikilala nikimfikiria, nikisema yule mwenzangu kapata. Mapenzi kama ya kwenye santuri.

Aliingia haraka akasimama nyuma ya mlango. Alikuwa mwembamba, na alizungumza huku ananitazama mikono.

"Nimesikia," akasema. "Kumbe na weye?"

Kabla sijajibu akatoa kikopo cha dawa kutoka ndani ya buibui akanitia mkononi. "Paka usiku kabla hujalala. Alama zinaondoka upesi. Za usoni usizikande, zitavimba. Zikibaki, buibui litafunika." Kisha akaongeza, kama anayemtetea mtu, "Ananipenda mno, ndo maana."

Kikopo kilikuwa kipya. Hakuwa amenipa cha kwake. Alikuwa anaweka akiba.

Nilitaka kumwambia kwamba mimi sina alama, kwamba niliinuka kwa sababu ya fidla. Sikuweza. Alikuwa amekaa kwenye kinu changu ananitazama kwa furaha, Raya, furaha ya mtu aliyekuwa peke yake kisiwani akaona mwenzake anatembea ufukweni. Hakukaa sana. Alikunywa maji, akaniuliza kama nalala, akasema leo mumewe kasahau kufunga mlango, akaondoka kabla hajarudi kutoka dukani kwake. Nami nikabaki na kikopo mkononi, na ule wimbo wote kichwani, na nikaona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto.

Baba yako alipopanda magharibi akaniuliza, "Ushakula?" Nikalia. Safari hii nililia kwa sababu aliniuliza. Nikamweleza habari ya Bi Time, yote. Alikuwa na tupa mkononi, akaiweka chini taratibu.

"Lile kufuli la mlango wao, la upande wa nje," akasema, "nimelitengeneza mie. Mumewe aliniambia la wezi."

Hakula chakula cha usiku. Ndiyo siku pekee, tangu tuoane, niliyomwona baba yako hawezi kula. Santuri zote zile, na mwenye kukosa hamu ya chakula kwa kweli akawa yeye.

Kesho yake akachonga funguo mbili. Mmoja ulikuwa wa kufuli la Bi Time, akaniambia nitafute njia ya kumfikishia. Wa pili akaniwekea kwenye kiganja. Ulikuwa wa mlango wetu. Siku zile mume ndiye aliyeshika ufunguo wa nyumba, na mimi sikuwa na wangu wala sikuwahi kuwaza kuuomba.

"Huu wako," akasema. "Usije ukaumeza."

Nilimpenda palepale. Kama hujui mama yako alianza kumpenda baba yako lini, ni saa ile, kwa maneno yale, na vidole vyake vilikuwa vinanuka mafuta ya mashine.

Ufunguo wa Bi Time niliuficha ndani ya kitumbua, nikampelekea sahani mumewe akiwa msikitini. Sahani niliipitisha dirishani. Nilimwonya asije akautafuna. Hapo hapo nikamwambia kweli yangu, kwamba mimi sijapigwa, na nikataka kumrudishia kikopo. Nilidhani atanitukana, na angekuwa na haki. Akakitazama kikopo. Kisha akasema, "Hukukifungua?" Nikasema sijakifungua. "Basi kaa nacho hivyo hivyo. Angalau nyumba moja kisifunguliwe."

Hakuondoka siku ile wala mwezi ule. Mwanamke hatoki mlangoni kwa sababu tu amepata ufunguo, na mimi kila asubuhi nilichungulia nikaona lile kufuli lipo, nikamkasirikia, halafu nikajikasirikia kwa kumkasirikia. Lakini asubuhi moja mtaa mzima uliamshwa na mwanamme anayepiga mlango kwa ngumi kutokea ndani. Bi Time alikuwa ametoka alfajiri kwenda kwa ndugu zake Makunduchi, na alipotoka alilifunga lile kufuli la nje, kwa ajili ya wezi. Ikabidi atafutwe fundi. Fundi wa makufuli wa mtaa, kwa bahati mbaya, alikuwa na kazi nyingi sana siku ile. Alikuwa amekaa dukani anasugua kufuli moja ambalo halikuwa na kutu, anasugua, anapuliza, anasugua tena. Mlango ulifunguliwa adhuhuri, na watu walikuwa wameshaleta viti.

Ndiyo, ni Bi Time huyo huyo. Somo yako aliyekufunda, anayetoka Makunduchi na vikapu vya mihogo, anayecheka mpaka majirani wanaita kuuliza kuna nini. Sikukwambia kwa sababu mambo yake ni yake. Leo alasiri, baada ya kutoka chini ya kitanda na kiatu changu, nilikwenda kumwomba ruhusa. Unajua yuko kwa jirani yetu Bi Mwanaidi tangu jana, amekuja kukuaga. Akasema, "Mwambie. Na habari ya kitumbua mwambie, usije ukaisahau."

Sasa huyu Hilal wako. Sisemi ni mbaya. Huenda ni kijana tu aliyesikiliza santuri nyingi, kama nilivyokuwa mimi, na hakuna aliyempa mafuta ya mbarika. Hiyo habari ya kujitupa baharini usiikeshee. Hilal nimemjua tangu mdogo. Alikuwa akipiga mbizi pale pale Forodhani kuokota sarafu walizotupa abiria wa meli, na alikuwa anakaa chini ya maji mpaka Wazungu wanapiga mayowe. Akijitupa, atatoka na faida.

Yaliyonikesha ni yale madogo, uliyoyasema kwa kupita huku unakunja kanga. Kwamba ulicheka na muuza kachori, naye akakununia mpaka ukamwomba radhi. Hukuniambia radhi ya nini, kwa sababu hukuijua. Kwamba sasa hupiti njia ya Forodhani asije akachukia. Kwamba amekuuliza hao walimu wenzako wa Wete ni wanaume wangapi. Ulinihesabia hayo moja moja kwa fahari, na mimi nikamwona Bi Time amekaa kwenye kinu.

Naweza kukosea. Kwa baba yako nilikosea, nikamwona hana mapenzi. Kwa hiyo sikwambii umwache, na sikwambii umkubali. Kesho atakuja gatini, amesema anataka jibu. Mwambie tu kwamba unakwenda, kisha nyamaza umsikilize. Akikuuliza huko utakula nini, utalala wapi, lini utapata likizo, mwandikie kutoka Pemba, na mimi nitamkaribisha chai. Akikuuliza huko utazungumza na nani, panda meli, mwanangu, wala usigeuke nyuma kumpungia.

Nyimbo endelea kuzipenda. Mimi bado nazipenda. Juzi hapa harusini walikumbushia ule wa Ami Mbarak, Mungu amrehemu, na machozi yakanitoka vilevile kama zamani. Lakini niliikalia mikono yangu.

Baba yako amelitia sanduku lako kufuli jipya. Limemchukua wiki nzima na hatakwambia. Funguo ni mbili, zote ziko kwenye kamba ya shingo utakayoikuta hapa, na hakuna wa tatu, nilimuuliza. Asubuhi atakuuliza kama ushakula. Usimjibu kwa kichwa tu. Mjibu vizuri, ukae, ule mbele yake, kwa sababu hilo ndilo neno lake lote na hana jingine la kukupa.

Chini kabisa ya sanduku, ndani ya kanga ya zamani, nimeweka kikopo cha Bi Time. Kimeota kutu pembeni, na dawa nadhani imekauka zamani. Kina umri kukuzidi wewe na hakijafunguliwa. Mimi sina dhahabu ya kujivunia mbele ya watu, Raya; najivunia kikopo hicho.

Kaa nacho. Ikitokea siku, iwe kwa Hilal au kwa yeyote, ukajikuta unakitafuta ndani ya sanduku, usikifungue. Kitie mkobani kilivyo, shuka gatini, panda meli ya kwanza uje nacho nyumbani. Usiku wa manane, mvua, Ramadhani, hata kama hujatuarifu, hata kama wewe ndiye uliyegombana nasi ukaolewa tusipotaka. Ufunguo wa mlango huu unao. Na huyu anayekoroma hapa atauliza neno moja tu, nawe unalijua.

Mama yako,
Zuwena